Dondoo Muhimu: Gitaa Kavu kwa Vidole Viwili

Yeyote hapa Bukavu atakaye kulijua gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, kabla hajashughulika na mitindo ya mbali, na amsikilize kwanza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga Masanga, na ambaye kwa gumba na kidole cha shahada tu aliwafanya wasikilizaji wadhani kuwa wapigaji ni wawili.

Siri, kama ipo, imo katika gumba. Shika akodi ya do, kisha gumba lipige uzi wa 5 na wa 4 kwa zamu, taratibu, bila kukatika, hata uweze kumjibu mtu salamu na mapigo yasiyumbe. Hapo ndipo kidole cha shahada kiruhusiwe kuingia katikati ya mapigo, juu ya uzi wa 2, halafu wa 1. Wenye pupa huanza na shahada, na aghalabu hawafiki.

Vidole hivyo hivyo viwili ndivyo alivyotumia George Mukabi wa magharibi ya Kenya, huku mwenziwe akigonga chupa ya soda. Nawe mtafute mwenzio wa kugonga, kwani chupa haimwonei haya mpigaji anayekimbia.

Amma kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi badala ya vidole, kifaacho kwa rumba, kishike kwa ulegevu, kishuke na kupanda kwa kadiri moja.

Nyakati za mvua, usilitundike gitaa ukutani penye unyevu: mbao hupinda, na nyuzi zikainuka mbali na vidole.