Tumbaku na Mzigo wa Mama

Tumwonapo mama maskini akitumia tumbaku, twamhukumu upesi: ikiwa fedha ya chumvi hana, ya tumbaku aipata wapi? Leo twapenda kulichungua neno hili kwa utaratibu, kwani si jepesi kama tudhanivyo.

Kisiwani Pemba wanawake wavutao sigara ni wachache mno, maana desturi haiwaruhusu. Lakini tumbaku yawafikia kwa njia nyingine. Ndani ya kijaluba, pamoja na tambuu, popoo na chokaa, mara nyingi mna kipande cha tumbaku, nacho hutafunwa bila aibu. Huku bara kuna ugoro.

Mwaka 1993 mtaalamu wa Uingereza, Hilary Graham, alitoa kitabu juu ya wanawake, sigara na umaskini. Alionyesha kuwa mama mwenye kipato haba na watoto wadogo huvuta ili apate kitambo cha kupumzika. Watoto hawezi kuwaacha, na mahali pa kwenda hana. Sigara ndiyo anasa yake ya pekee.

Je, mama wa Pemba si ndugu yake huyo? Maji yakipwa, yuko pwani akifunga mwani. Msimu wa karafuu, huchambua makonyo hadi usiku. Kuni zamngoja, na mtoto yu mgongoni. Tumbaku humsahaulisha njaa na uchovu kwa muda mfupi, kisha humdai.

Na deni hilo ni zito. Wachunguzi wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamethibitisha kuwa tambuu yenye tumbaku huleta saratani ya kinywa. Na mwaka 2004 walitangaza kuwa hata tambuu ya popoo isiyo na tumbaku ina hatari hiyo. Tena sumu ya tumbaku humfikia mtoto tumboni, akaweza kuzaliwa na uzito pungufu. Na baadaye humfikia katika maziwa ya mama.

Basi yatupasa nini? Kwanza, mama mjamzito aelezwe hatari hiyo kwa upole, asiaibishwe mbele za watu. Pili, baba avutaye azime sigara yake kabla ya kumwonya mkewe, kwani moshi wake nao huwadhuru watoto. Tatu, walio nyumbani wamtekee maji, wamchanjie kuni, wamshikie mtoto, ili apate saa moja ya kupumzika pasipo tumbaku.

Asiyesaidia kuutua mzigo asimlaumu aliyeelemewa.