Kisima Kina Mzee, Bweni Lina Nani?

Somo la kikundi: vyanzo vya uonevu na fujo shuleni



Tukikutana chini ya mti, mazungumzo yetu huwa ni mchango, mbuzi, bei ya unga na tangi la maji. Leo tunawaomba, mkishamaliza kuhesabu mchango, msiinuke kwanza. Mmoja anayejua kusoma asome somo hili kwa sauti, polepole. Mwingine afasiri kwa Kisomali au Kiborana kwa ajili ya wale ambao Kiswahili hakiwaingii vizuri. Penye swali, msomaji anyamaze, watu waseme.

Somo lenyewe ni juu ya watoto wetu wanavyooneana na kupigana shuleni. Wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya mwalimu mkuu." Hebu tuone kama ni kweli.

HADITHI YA ADAN

Adan si mtoto wa mtu yeyote hapa. Tumemtunga sisi, lakini kwa mambo ambayo kila mzazi wa Elwak anayajua.

Adan ana miaka kumi na mitatu, analala bwenini. Shule ina tangi moja. Wakati wa kiangazi lori la maji leo linakuja, kesho halionekani. Kila mtoto anapata jerikeni moja ndogo. Wavulana wawili wakubwa wanamchukulia Adan maji yake, wanaoga, wanafua. Siku aliyokataa walimpiga usiku, tena wakamtukania ukoo wake. Asubuhi mwalimu aliona uvimbe, akauliza. Adan akasema ameanguka. Likizo akarudi nyumbani, hakusema kitu.

Muhula uliofuata Adan mwenyewe alikuwa anamnyang'anya maji mtoto mdogo kuliko yeye. Siku moja yule mdogo akaokota jiwe, akamvunja Adan meno mawili. Baba wa Adan akaja na ndugu zake. Baba wa yule mdogo naye akaja na wake. Koo ni mbili tofauti. Kufika magharibi, hakuna aliyekuwa akizungumza habari ya watoto tena.

Swali: Ni nani mwenye makosa? Kila mtu aseme lake kabla hatujaendelea.

LAKINI KWA NINI?

Tukiuliza "nani," tunapata mtoto mmoja, tunamwadhibu, tunakwenda nyumbani. Mwezi ujao anatokea mwingine. Mwenye kung'oa mti mbaya hakati matawi, anachimba mizizi. Njia ya kuchimba ni kuuliza "lakini kwa nini?" mara nyingi, mpaka tufike chini.

Kwa nini yule mdogo alirusha jiwe? Kwa sababu Adan alimnyang'anya maji. Lakini kwa nini Adan alimnyang'anya? Kwa sababu naye alinyang'anywa. Lakini kwa nini wakubwa walimnyang'anya? Kwa sababu maji ni kidogo.

Wengi watasimama hapo: shida ni maji. Lakini ngojeni kidogo. Huu mji wetu umekua kwa sababu ya visima, na wazee wanatuambia jina lenyewe maana yake ni kisima cha Mungu. Visimani pia maji huwa kidogo, na ngamia wana kiu kuliko watoto. Mbona watu hawapigani kila siku? Kwa sababu kisima kina zamu, na zamu ina mzee wa kuisimamia. Mwenye ngamia mia na mwenye mbuzi kumi, kila mmoja anajua atanywesha lini. Akivunja zamu, mzee anamwita.

Basi si uhaba peke yake unaoleta fujo. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kusimamia zamu. Kisima kina mzee. Je, tangi la shule lina nani? Na bweni, saa nne za usiku, lina nani?

MIZIZI TUNAYOIONA

1. Watu wazima hawapo. Novemba 2014 wasafiri 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na kati yao walikuwamo walimu. Walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine za Kenya waliogopa kurudi, na hatuwezi kuwalaumu. Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe kule Garissa, Tume ya Walimu iliwahamisha wengine wengi. Darasa lisilo na mwalimu halikai bila mkubwa. Mkubwa wake anakuwa yule mwenye ngumi nzito.

Mara nyingine shule huwapa viranja kazi ya watu wazima. Huko Nyeri mwaka 1999 wanafunzi waliwachoma moto viranja wanne wakiwa wamelala, wakafa. Kiranja ni mtoto. Ukimpa fimbo ya mwalimu bila mtu wa kumwangalia, umewatia hatarini yeye na wenzake.

2. Fimbo. Tunapenda kusema, "Sisi tulipigwa, tukawa watu." Lakini mtoto anayepigwa nyumbani, duksi na shuleni anajifunza somo moja kwa walimu watatu: mkubwa akikasirika, humpiga mdogo. Akifika bwenini analifundisha yeye. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili na hata kumtesa mtoto kwa maneno. Sheria ipo. Je, nyumbani kwetu imefika?

3. Maneno ya jioni. Miaka ya 2004 na 2005 Wagarre na Wamarehan walipigana hapa Elwak na ng'ambo ya mpaka, maelfu wakakimbia makwao. Kati ya 2012 na 2014 damu ilimwagika tena kati ya Wagarre na Wadegodia. Hatuandiki haya ili kuhesabu nani alianza. Tunauliza: wakati tunakunywa chai na kuwataja "wale," mtoto yuko wapi? Yuko pale pale, amelala kwenye mkeka, macho yamefumba, masikio wazi. Lile tusi la ukoo alilotukanwa Adan halimo katika kitabu cha shule. Lilitoka kwenye boma la mtu.

4. Heshima kwa msichana. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St Kizito, Meru, wavulana walitaka kugoma na wasichana wakakataa kuwaunga mkono. Wavulana walivamia bweni lao. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakabakwa. Magazeti yaliandika kwamba wavulana kuwasumbua wasichana pale halikuwa jambo geni. Hilo ndilo la kutisha. Jambo baya lilikuwa limezoeleka.

Huku kwetu tuna maslaha. Ni desturi nzuri ya kupatanisha, na imezuia vita vingi. Lakini msichana akiumizwa, wazee wakakaa, ngamia wakahesabiwa, halafu yeye mwenyewe hakuulizwa hata neno moja, kila mvulana pale kijijini amejifunza kitu. Amejifunza kwamba ukoo utamlipia. Kuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na kwa sheria hiyo kubaka ni kesi ya serikali. Si deni la kumalizwa na koo mbili.

5. Kunyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Kyanguli, Machakos, lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Kabla ya moto kulikuwa na hasira juu ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa. Hasira ya watoto haiwaki ghafla kama kiberiti. Inafuka moshi kwanza, watu wanaupuuza.

Mwangalieni Adan tena. Mwalimu aliuliza mara moja, akakubali jibu la uongo. Mama aliona kijana amekonda, akafikiri ni chakula cha shule. Kila mmoja aliuona moshi.

WANAWAKE WA WAJIR

Mtasema, "Haya ni makubwa, sisi ni kikundi cha watu ishirini." Basi sikilizeni. Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilikuwa zinauana, hata sokoni mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko lenyewe. Waliketi pale wakiangalia kwamba hakuna anayekataliwa kununua au kuuza kwa ajili ya ukoo wake. Ugomvi ukianza, kamati yao inauamua hapo hapo kabla wanaume hawajasikia. Baadaye walikwenda kwa wazee na vijana. Septemba 1993 wazee walitia sahihi Azimio la Al-Fatah la kuacha vita. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011.

Hawakuwa na fedha wala bunduki. Walichagua mahali padogo ambapo ugomvi unaanzia, wakakaa pale kama mzee wa kisima. Kwa watoto wetu, mahali hapo ni tangi, bweni na njia ya kwenda shule.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Msichukue yote. Chagueni moja au mawili, muyatimize.

(a) Zamu ya maji. Ombeni kukutana na mwalimu mkuu na bodi ya shule. Pendekezeni zamu ya tangi iandikwe ukutani, na mtu mzima asimame pale saa ya kugawa maji. Kikundi kinaweza kutoa watu wa kusaidia wakati wa kiangazi.

(b) Mama na baba wa bweni. Wazazi wawili wa koo tofauti watembelee bweni jioni, kwa ruhusa ya shule, mama kwa wasichana na baba kwa wavulana. Wasiende na fimbo. Waende kuuliza habari. Waangalie pia kama milango inafunguka kwa ndani na kama madirisha yana vyuma.

(c) Swali la likizo. Mtoto akirudi nyumbani, usiulize tu alikuwa namba ngapi. Muulize, "Nani anakusumbua? Nani unamsumbua wewe?" Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza, lakini Adan alihitaji kuulizwa yote mawili.

(d) Watoto wakigombana, wazazi wa pande zote mbili wakutane shuleni kwanza, bila wajomba na binamu. Watoto wenyewe wasikilizwe kabla ya mtu mzima kusema. Aliyeonea arudishe alichochukua na kufanya kazi ya kumsaidia aliyeonewa.

(e) Mtoto akiumizwa vibaya, au akiguswa kwa njia ya aibu, aende hospitali siku hiyo hiyo, kisha polisi na ofisi ya watoto. Kuna pia simu ya kusaidia watoto, namba 116, haina malipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tulipokuwa watoto, nani alituonea? Nani tulimwonea sisi? Tulijifunzia wapi?

2. Katika mizizi mitano, ni upi una nguvu zaidi katika kijiji chetu? Kwa nini? Lakini kwa nini?

3. Kuna neno gani juu ya ukoo mwingine ambalo tunalisema mbele ya watoto, na tunaweza kuliacha kuanzia leo?

4. Kikundi chetu kimechagua kazi gani? Nani ataifanya, na lini atatuletea habari?

Swali la tatu likileta hasira, msilikimbie. Mwenyekiti awape watu chai, kisha mwendelee. Andikeni jibu la swali la nne katika daftari la kikundi, chini ya hesabu ya mchango, ili mkutano ujao lisomwe pamoja na fedha. Jambo lililoandikwa karibu na fedha halisahauliki.

Sisi tuliokaa hapa chini ya mti ndio wazee wa kile kisima. Mtoto hawezi kuisimamia zamu peke yake.