Hisa za Kampuni ya Kutafuta Madini: Kagua Kabla ya Kununua

Mkazi wa Tawa aliyeuza ndengu au maembe, kisha akashauriwa anunue hisa za kampuni ndogo inayotafuta madini, akumbuke kwamba madini yaliyo ardhini bado si mgodi. Makaa ya mawe ya Bonde la Mui, Kitui, yamejulikana kwa miaka mingi bila kuchimbwa. Kule Kwale, kampuni ya Tiomin ya Kanada iliuza mradi wake wa titani mwaka 2010 kabla ya kuchimba. Shehena ya kwanza ilisafirishwa 2014 chini ya mwenye mradi mpya.

Kagua mambo manne:

1. Leseni: ya utafutaji hairuhusu uchimbaji.
2. Vipimo: jiwe moja zuri halitoshi. Omba matokeo ya maabara huru kutoka mashimo mengi.
3. Pesa: kampuni isiyo na mapato huuza hisa mpya, na fungu la wenye hisa wa awali hupungua.
4. Idhini: je, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imeruhusu hisa hizo ziuzwe kwa umma?

Jibu moja likikosekana, usitoe pesa. Karo ya watoto isiwekwe kwenye hisa hizi kamwe.