Ngeli, Saa na Subira: Mafunzo ya Kijerumani katika Maisha ya Kila Siku Ughaibuni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kenya anayekwenda Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi hana muda wa kuishi kwingi. Mara nyingi hukaa muhula mmoja au miwili, kisha hurejea. Muda huo mfupi una hatari yake. Vijana wengi wa vyuo vya Ujerumani hukijua Kiingereza, na wamsikiapo mgeni akigugumia, wao huhamia lugha hiyo kwa nia njema. Asipojihadhari, mgeni hurudi nyumbani na salamu mbili tatu tu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba shughuli za kila siku ndizo darasa kuu la Kijerumani, na kwamba katika darasa hilo Kiswahili humfaa mwanafunzi wa Afrika Mashariki kuliko Kiingereza. Mji unaorejelewa ni Bayreuth, katika jimbo la Bavaria, ambako chuo kikuu hufundisha Kiswahili pia.

Ofisini: neno refu

Sheria ya Ujerumani humtaka mtu anayehamia makazi mapya ajiandikishe katika ofisi ya mji kabla ya majuma mawili kupita. Miongoni mwa hati zinazohitajika ni "Wohnungsgeberbestätigung". Urefu wa neno hili humtisha mgeni, lakini uchanganuzi huliondolea kitisho. "Wohnung" ni makazi, "Geber" ni mtoaji, na "Bestätigung" ni uthibitisho. Kiswahili kingesema: uthibitisho wa mtoaji wa makazi. Dhana ni zilezile tatu; kinachogeuka ni mpangilio, kwa kuwa Mjerumani hutanguliza kile ambacho Mswahili hukiweka mwisho. Hivyo basi, nomino ambatani ya Kijerumani isomwe kuanzia nyuma. Aidha, nomino ya mwisho ndiyo huamua jinsia ya neno zima: "die Bestätigung", kwa hiyo "die Wohnungsgeberbestätigung".

Dukani: jinsia na ngeli

Maduka mengi hufungwa Jumapili, kwa hivyo mwanafunzi hulazimika kununua chakula Jumamosi. Akiwa dukani hukutana na "der Apfel" (tofaa), "die Milch" (maziwa) na "das Brot" (mkate). Kijerumani kina jinsia tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike na ya kati. Kiingereza hutumia kibainishi kimoja kwa nomino zote hizo, na anayepitia huko huona jinsia kama mzigo usio na maana. Mzungumzaji wa Kiswahili, kwa upande wake, amezoea kusema "mkate huu", "maziwa haya" na "tofaa hili". Anajua tayari kwamba nomino hutawala maneno yanayoandamana nayo.

Hata hivyo, mifumo hii miwili haifanani kikamilifu. Katika Kiswahili neno "kijana" lina umbo la ki-, lakini husemwa "kijana amefika", kwa maana uhai wa kirejelewa hulishinda umbo. Katika Kijerumani "Mädchen", yaani msichana, huwa "das Mädchen", jinsia ya kati, kwa sababu kiambishi tamati "-chen" cha udogo hulazimisha hivyo. Hapa umbo ndilo hushinda. Mwanafunzi anayeielewa tofauti hii hataihusisha jinsia ya kisarufi na maumbile. Badala yake, atajifunza kila nomino pamoja na kibainishi chake.

Miadi: saa

Katika suala la saa, mazoea ya nyumbani yanaweza kumponza mwanafunzi. "Acht" ni nane, nayo saa nane ya Mjerumani asubuhi ni saa mbili ya Mswahili. Akiambiwa waonane "halb acht", huenda akafikiri ni saa mbili na nusu. Kumbe ni saa moja na nusu! Kiswahili huihesabu nusu baada ya saa iliyopita, ilhali Kijerumani huihesabu kuielekea saa ijayo. Anayekosea hapa huchelewa kwa saa nzima. Kwa upande mwingine, ratiba ya mihadhara ikiandikwa "8 c.t.", mhadhara huanza dakika 15 baadaye.

Mazungumzoni: subira na adabu

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi mapema. Katika "nitampigia", msikilizaji keshajua nafsi, wakati na mtendewa. Kijerumani hudai subira. Katika sentensi "Ich rufe meine Mutter am Sonntag an", silabi ya mwisho, "an", ndiyo hukamilisha maana ya kupiga simu. Anayeacha kusikiliza katikati hukosa kiini.

Hali kadhalika, adabu ina sarufi yake. "Sie" hutumiwa kwa mhadhiri, afisa na mtu asiyejulikana. "Du" kwa rafiki, mtoto na mwanafunzi mwenza. Kwa desturi, mkubwa ndiye hupendekeza kuhamia "du". Aliyelelewa kuwaamkia wakubwa "shikamoo" na kungoja "marahaba" hahitaji kufunzwa kwamba umri na cheo huathiri uteuzi wa maneno.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii, ni bayana kwamba Kiswahili ni nyenzo ya kujifunzia Kijerumani. Mwanafunzi anashauriwa kuomba waziwazi, "Können wir bitte Deutsch sprechen?", yaani, tunaweza kuzungumza Kijerumani tafadhali? Vilevile, amtafute mwanafunzi wa huko anayejifunza Kiswahili, wakutane kila juma, nusu ya muda Kijerumani na nusu Kiswahili. Uhusiano huu una historia. Mnamo 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kijerumani nacho kilituachia neno "shule". Mwanafunzi wa leo anayekwenda Ujerumani na Kiswahili chake huwa ana kitu cha kuwapa wenyeji wake, na hapo ndipo mpango huo hustahili kuitwa wa kubadilishana.