Mti Ukuao Upesi

Leo twataka kujifunza habari za mti mmoja wa nchi za mbali, uitwao elmu wa Siberia. Jina lake la kitaalamu ni Ulmus pumila, na neno hilo pumila kwa Kilatini maana yake ni mdogo, mfupi. Lakini mti wenyewe huweza kufikia meta 15 hata 20, na penye udongo mzuri huongezeka kadiri ya meta moja kwa mwaka. Kwao ni Siberia ya mashariki, Mongolia, China ya kaskazini na Korea, nchi zenye baridi kali na mahali pengi mvua haba.

Katika miaka ya 1930 nyanda za katikati ya Marekani zilipatwa na ukame. Wakulima walikuwa wameyalima majani yaliyoushika udongo. Basi upepo ukauchukua, hata tarehe 14 Aprili 1935 mchana ukageuka giza kwa vumbi. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikapanda safu za miti za kuzuia upepo, toka North Dakota mpaka Texas. Hata mwaka 1942 ilikuwa imepandwa miti zaidi ya milioni 200, na elmu wa Siberia ulikuwa mmojawapo, maana ulistahimili ukame, tena haukukawia kutoa kinga.

Je, hauna kasoro? Matawi yake huvunjika upesi kwa upepo na barafu. Tena mbegu zake ni nyingi, kila moja ina bawa jembamba kama karatasi. Hupeperushwa mbali na kuota popote penye udongo mtupu. Kwa hiyo siku hizi, katika majimbo mengi ya Marekani, mti huu huhesabiwa kuwa magugu, kwa kuwa huisonga mimea ya asili. Sifa zilezile zilizoufanya utafutwe ndizo zilizoufanya uchukiwe.

Basi twajifunza nini? Hatuwalaumu waliopanda, udongo wao ulikuwa ukipotea, nao walihitaji kinga upesi. Lakini apandaye mti asiulize tu, Utakua lini? Aulize pia, Mbegu zake zitakwenda wapi? Nani atautunza baada yangu? Katika safu zile ilichanganywa miti ya namna nyingi: ikuayo upesi ilinde kwanza, na ikuayo polepole idumu baadaye. Shauri hilo lafaa kukumbukwa na kila mwenye jembe.