Tunda la Mukawa na Mti Unaofanana Nao

Kila mtoto aliyepata kuchunga mbuzi katika nchi ya vichaka alijua tunda hili. Ni dogo, limezidi njegere kidogo tu. Likianza kuiva huwa jekundu, kisha hugeuka zambarau iliyokaribia weusi. Ladha yake ni tamu iliyochanganyika na ukali, na likitafunwa hutoa utomvu mweupe unaonata midomoni. Wakikuyu na Wakamba huuita mti wake mukawa, Wajaluo ochuoga, na Wamasai olamuriaki. Waswahili wa Pwani nao wana jina lao, lakini halifai kutamkwa mbele ya wakwe, nasi tutalipita. Hapa tutasema mukawa.

Wenye elimu ya mimea waliuita Carissa edulis kwa miaka mingi, na siku hizi wengi wao huuandika Carissa spinarum. Neno edulis ni la Kilatini, maana yake ni kitu kinachofaa kuliwa. Lilitokana na maandishi ya Peter Forsskål, mtaalamu aliyefariki huko Yemeni mwaka 1763, na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1775. Basi sifa ya mti huu kuwa ni chakula si habari ya jana.

Faida kubwa ya matunda makali ya namna hii ni vitamini C. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo, wala hauiweki akiba kwa muda mrefu. Mtu akiikosa kwa miezi kadhaa, ufizi hutoka damu na vidonda hukawia kupona. Mukawa una ndugu yake wa Afrika Kusini, Carissa macrocarpa, mwenye matunda makubwa zaidi, ambaye hupandwa katika bustani nyingi za mijini kuwa ua. Gramu 100 za tunda la ndugu huyo zimepimwa zikaonekana kuwa na miligramu 38 hivi za vitamini C, na mtu mzima ahitaji miligramu 45 kwa siku.

Lakini iko faida nyingine ambayo mama wa nyumbani aijue zaidi ya hiyo. Mahindi na maharagwe yana madini ya chuma, ambayo ni ya lazima kwa damu, ila chuma hicho ni kigumu kupenya kuingia mwilini. Kitu chenye vitamini C kikiliwa katika mlo ule ule, chuma hupenya kwa wingi zaidi. Chai ikinywewa pamoja na mlo, hupenya kidogo. Kwa hiyo afadhali sahani ya githeri ifuatwe na konzi ya matunda, na chai ingoje saa moja au mbili. Kwa mwanamke mwenye mimba, ambaye damu yake ni ya watu wawili, jambo hili si dogo.

Sasa twafika penye hatari. Katika vichaka vile vile huota mti mwingine wa jamaa moja na mukawa, nao ni ule ambao Wakamba na watu wengine waliutumia kutengenezea sumu ya mishale. Wakamba huuita kivai, Wakikuyu muricu, Wamasai olmorijoi; jina lake la kitaalamu ni Acokanthera. Sumu yake husimamisha moyo. Jani lake ni gumu na la kung'aa kama la mukawa, hukaa mawili mawili tawini; maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri; utomvu ni mweupe; na matunda hugeuka zambarau. Wako watu wanaokula matunda yake yaliyoiva kabisa, lakini mabichi yana sumu, na mtoto mwenye njaa hapimi kuiva. Alama ya kushika ni miiba. Mukawa una miiba mikali matawini, mingine yenye panda. Mti wa sumu hauna mwiba hata mmoja. Watoto wafundishwe neno hili kabla ya kupelekwa machungani: tawi lisilo na mwiba, tunda lake lisiguswe. Na ikiwa mtoto amekwisha kula, apelekwe hospitali upesi pamoja na tawi la mti huo, ili daktari ajue anapambana na nini.

Jikoni, mukawa una njia zake. Wamasai huchemsha mizizi yake katika mchuzi wa nyama. Matunda mabivu hukamuliwa yakawa kinywaji, au hupikwa jamu. Kwa jamu, osha matunda, yatie sufuriani na maji kidogo tu, uyachemshe mpaka yapasuke. Yasonge katika chujio ili mbegu na maganda yabaki. Kila kikombe cha rojo kitiwe kikombe kimoja cha sukari, kisha urudishe motoni na kukoroga kwa mwiko bila kuacha. Dondosha tone juu ya sahani baridi. Likijikunja ukilisukuma kwa kidole, jamu imeiva. Itiwe ingali moto katika chupa zilizochemshwa, zifunikwe mara moja.

Moto hupunguza vitamini C, kwa hiyo jamu ni ya kuongeza ladha ya mkate, na tunda bichi lililoiva mtini ndilo la afya. Sufuria ya enameli yafaa kuliko ya aluminiamu, maana ukali wa tunda hula aluminiamu. Utomvu utaganda kandokando ya sufuria kama gundi. Maji hayautoi, bali kitambaa chenye mafuta ya kupikia kitaufuta.