Mkongojo Ushikwe Mkono Upi?

Mgonjwa aliyevunjika nyonga ya kulia anapopewa mkongojo wodini kwa mara ya kwanza, aghalabu huushika kwa mkono wa kulia. Huona kwamba palipo na udhaifu ndipo panapostahili nguzo. Muuguzi humwambia auhamishie mkono wa kushoto. Naye hutii, kisha hurudia desturi yake mara muuguzi akigeuka. Laiti angalielezwa sababu, ambayo si ngumu kwa yeyote aliyepata kusoma habari za wenzo.

Katika kila hatua mtu husimama kwa mguu mmoja kwa kitambo kidogo. Wakati huo kiungo cha nyonga huwa egemeo. Uzito wa mwili huvuta chini kwa upande wa ndani, na misuli ya ubavu wa nyonga huvuta chini kwa upande wa nje ili fupanyonga lisiinamie. Na ichukuliwe kwamba mtu ana uzito wa nyutoni 600. Ukitoa mguu anaousimamia, zinabaki nyutoni 500 hivi, zikiwa umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye egemeo. Misuli iko sentimita 5 tu, hivyo yalazimu ivute kwa nyutoni 1,000. Kani zote mbili hukielemea kiungo: nyutoni 1,500, yaani mara mbili na nusu ya uzito wa mwili mzima!

Sasa mkongojo ushikwe kwa mkono wa kushoto, ukandamizwe kwa nyutoni 50 tu, sentimita 50 kutoka kwenye nyonga inayougua. Sakafu nayo husukuma juu kwa kani iyo hiyo. Momenti yake, 50 × 50, ni nusu ya ile ya uzito, 500 × 10. Misuli yahitaji nyutoni 500 pekee, na mzigo wa kiungo hushuka hadi nyutoni 950. Kani iliyo sawa na uzito wa kilo tano za unga imeondoa nyutoni 550. (Hesabu hii imerahisishwa, kwani misuli huvuta kwa mshazari.) Mkongojo ukiwa upande wa kulia, msukumo wa sakafu hupingana na misuli badala ya kuisaidia, na mgonjwa hujiokoa kwa kuinamisha kiwiliwili, jambo linalompunguzia urari. Mwaka 1956 Walter Blount, daktari wa mifupa wa Marekani, aliwasihi madaktari wenzake wasiudharau mkongojo.

Magongo ya kwapani yana hatari nyingine. Uzito wapasa kubebwa na viganja, si makwapa. Anayejining'iniza juu ya magongo hubana neva ipitayo kwapani, na baadaye kiganja chake huweza kulegea asiweze kukiinua. Ndiyo maana huachwa nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya gongo na kwapa.

Hata hivyo, kitu kinachosahauliwa kuliko vyote ni kile kipande cha mpira kilicho ncha ya chini. Gongo huteleza pale tanjiti ya pembe ya mwinamo wake kutoka wima inapozidi kigawe cha msuguano. Kigawe kikiwa 0.7, gongo laweza kuinama hadi digrii 35. Kikishuka hadi 0.2, kwa sababu ya mpira uliolika au sakafu iliyotoka kupigwa deki, digrii 12 zatosha kumwangusha mtu. Uzito wa mgonjwa hauingii katika hesabu hiyo, kwa hiyo mwembamba hana kinga kuliko mnene.

Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hili darasani. Achukue ufito wenye mpira nchani, ausimamishe juu ya sakafu ya saruji, kisha aukandamize huku akiuinamisha pole pole mpaka uteleze, na mwenzake apime pembe. Warudie baada ya kumwaga maji ya sabuni, kisha mara ya tatu bila mpira.